Farasi 38 wamepotelea wapi kati ya Nairobi na Mombasa?

Swali: "Nina Datsun 240Z ya 1972, naitumia hapa Mombasa. Injini ya asili iliondolewa, nikaweka L28, ile ya Datsun ya lita 2.8, yenye kabureta tatu za Weber 40 DCOE, uwiano wa mgandamizo 9.8, na eksozi ya mabomba sita. Mwaka jana nililipeleka Nairobi kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari. Wakabadilisha jeti za petroli, wakaseti taiming ya moto, karatasi ikatoka na farasi 193. Mwezi uliopita nimeweka kamshafti (mhimili unaofungua vali) kali zaidi, kadi yake yasema vali hukaa wazi nyuzi 284, nikalipima gari kwenye daino ya huku pwani: farasi 155. Barabarani nalisikia linavuta vizuri juu, lakini chini ya mizunguko 3500 limekuwa zito. Fundi wangu asema kamshafti mpya imeniibia farasi 38, niirudishe ya zamani. Karatasi zote mbili nimekutumia. Nifanye nini?" (Msomaji, Kizingo)

Jibu:

Ndugu yangu, niruhusu nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Kwenye karatasi yako ya Mombasa, chini kabisa, kuna mstari mwembamba wa uwiano wa hewa na petroli. Mstari huo umenishtua kuliko hao farasi 38. Mpaka tufike hapo, nakuomba usilikanyage gari hadi mwisho. Kwenda Nyali na kurudi kwa mwendo wa kawaida hakuna neno. Kuliminya kwenye barabara ya Malindi, hapana.

Sasa twende kwa farasi wako.

Karatasi hizi mbili hazisemi kitu kimoja. Ile ya Nairobi imeandika 193 kwa tarakimu kubwa, lakini soma maandishi madogo ya pembeni: nambari hiyo ni ya injini, na hasara ya giaboksi na difu imekadiriwa asilimia 15. Daino ya rola haiioni injini. Inaona tairi zikizungusha rola, basi. Kilichopimwa ni nguvu iliyofika kwenye rola, na ile ya injini imetafutwa baadaye kwa hesabu, kwa kugawanya na 0.85. Rudi nyuma kwa njia ileile: 193 mara 0.85 ni 164. Hiyo ndiyo nguvu ya magurudumuni. Na 155 ya Mombasa ni ya magurudumuni tangu mwanzo, hakuna aliyeiongeza chochote. Kwa hiyo kati ya farasi 38 unaowalilia, 29 hawakupata hata siku moja kukanyaga rola. Wamebaki tisa.

Hiyo asilimia 15 si uongo, ila ni makisio tu. Hasara halisi hubadilika na joto la oili ya difu, upepo wa tairi, na jinsi mikanda ilivyokazwa kulibana gari juu ya rola. Kuna daino ambazo humwacha dereva akanyage klachi mwisho wa mbio ili mashine ipime jinsi rola zinavyopungua mwendo. Hilo ni afadhali, lakini meno ya gia yasiyobeba mzigo hayali nguvu kama yanayobeba. Mimi huomba karatasi ya magurudumuni peke yake. Anayetaka kujua injini inatoa ngapi hasa, aitoe garini akaipime kwenye stendi.

Na kwa kuwa wenye 240Z hupenda kufungua kitabu cha gari na kulinganisha: ile 151 iliyoandikwa kwa L24 ya asili, kwa mizunguko 5600, ilikuwa kipimo cha zamani cha SAE, chama cha wahandisi wa magari, cha injini iliyo kwenye stendi, bila vifaa vyake vyote na bila eksozi ya garini. Usiiweke kando ya nambari ya rola hata kidogo.

Hao tisa waliobaki ndio wenye utamu, maana wanatupeleka kwenye hewa.

Kila karatasi ya daino iliyo ya heshima huandika hali ya hewa na kizidisho, yaani nambari ambayo nguvu iliyopimwa huzidishwa nayo. Ya Nairobi yasema hewa milibari 831, joto 24, kizidisho 1.25. Ya Mombasa yasema milibari 1012, joto 30, unyevu asilimia 75, kizidisho 1.02. Yaani nguvu iliyogusa rola kule juu, kabla ya kuongezwa chochote, ilikuwa farasi 131. Huku kwetu ilikuwa 152. Rudia kuzisoma hizo mbili. Gari unaloambiwa limeibiwa lilikuwa na nguvu halisi zaidi siku ya pili kuliko siku ya kwanza, kwa farasi 21.

Lakini usikimbilie kuishukuru kamshafti. Farasi hao wametoka baharini. Nairobi iko kama mita 1700 juu, na hewa ya kule ni nyembamba. Injini isiyo na taabo huvuta ujazo uleule kila mzunguko, ila ndani ya ujazo huo kuna oksijeni pungufu. Ukiteremka Mtito Andei, Voi, Mariakani, mpaka ukavuka Makupa, kila kilomita inakurudishia kitu bila kugusa skrubu. Kizidisho kazi yake ni kufuta tofauti hiyo, ili injini moja isome sawa popote. Kwa kanuni ya SAE J1349, ambayo karatasi zako zote mbili zinasema zimeifuata, hali ya kawaida ni milibari 990 za hewa kavu na joto la nyuzi 25. Hewa ikiwa nyembamba kuliko hapo unaongezewa, ikiwa nzito zaidi unapunguziwa.

Tatizo ni kwamba kizidisho kimetengenezwa kwa marekebisho madogo. Kiwango cha ISO 1585, kinachotumia hali hiyohiyo, hukubali kizidisho kati ya 0.93 na 1.07 tu. Nje ya mipaka hiyo kipimo hakihesabiki kuwa rasmi. Wewe umepewa 1.25. Sisemi wenye daino ya Nairobi wamekosea. Kwa mwinuko wao hesabu inatoka hivyo hivyo, nimeirudia mwenyewe. Nasema tu kwamba robo nzima ya kilichopimwa imeongezwa juu yake na fomula inayokisia msuguano wa injini na kudhani mengine yote yako sawa. Kosa dogo katika kukisia huko ni farasi kadhaa, na wewe unatafuta tisa tu.

Kuna njia moja ya kuijaribu karatasi ambayo huwa naitegemea. Torki ya juu kabisa, yaani nguvu ya kusokota, igawe kwa lita za injini. L28 ni sentimita za ujazo 2753. Nairobi, torki ya magurudumuni baada ya kizidisho ilifika Nm 226. Ukirudishia ile hasara ya asilimia 15 ni Nm 266 kwenye injini, yaani karibu 97 kwa kila lita. Injini ya vali mbili kwa silinda, yenye kamshafti laini na petroli ya kituoni, ikinionyesha zaidi ya 90, mimi huanza kuuliza maswali. Mombasa ulipata Nm 207 magurudumuni, yaani 88 kwa lita kwa hesabu ileile. Hiyo naiamini. Kati ya karatasi zako mbili, ile inayokuhuzunisha ndiyo inayofanana na kweli.

Niongeze neno kuhusu unyevu, kwa sababu sisi wa pwani unatuhusu. Kwa joto 30 na unyevu 75, karibu milibari 32 kati ya zile 1012 ni mvuke wa maji. Mvuke hauchomi petroli. Umekalia tu nafasi ya hewa, asilimia tatu nzima. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, huwa na joto na unyevu pamoja, na gari lilelile litasoma chini kuliko asubuhi ya Julai kusi ikivuma. Kizidisho hujaribu kurekebisha hilo pia, mradi sensa ya joto iwe mahali pake. Ikiwa imening'inizwa karibu na boneti iliyofunguliwa, inasoma joto la redieta, na kompyuta inakuzawadia farasi ambao huna. Tofauti ya nyuzi 10 peke yake ni karibu asilimia mbili. Siku nyingine muulize mwenye daino sensa yake iko wapi. Akikasirika, badilisha daino.

Tena kuna kanuni ya zamani, ile ya STD, yenye joto la nyuzi 15.5 na hewa ya milibari 1013. Kwa 152 zako za Mombasa, kanuni hiyo ingekupa 161. Farasi sita zaidi kwa kubofya kitufe kimoja. Kwa hiyo mtu akikutajia farasi wake barazani, mwulize kwanza: kwa kanuni gani, na ni za wapi, za rola au za injini? Watu wengi hubaki kimya hapo.

Sasa turudi kwenye ule mstari wa chini, maana ndio kiini cha jibu langu.

Weber haina akili ya kompyuta. Hewa inapita kwenye koo, mgandamizo unashuka, petroli inanyonywa kupitia jeti. Hewa ikiwa nyembamba, uzito wa hewa inayopita hupungua zaidi kuliko petroli inayonyonywa, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mzito. Kati ya Mombasa na Nairobi tofauti hiyo ni karibu asilimia 10. Gari lililosetiwa vizuri pwani litatoa moshi mweusi na kulegea likifika Nairobi, na fundi mzuri wa kule atapunguza jeti. Ndivyo walivyofanya. Una makoo ya milimita 34, wakakuwekea jeti kuu 130, na mstari wao ukatulia kwenye 12.7, yaani sehemu 12.7 za hewa kwa moja ya petroli. Kwa mzigo kamili, injini ya petroli hupenda kati ya 12.5 na 13. Kwa hiyo kazi yao ilikuwa safi, kwa Nairobi.

Kisha ukateremka na jeti zilezile. Hapa mambo hugeuka: hewa imekuwa nzito, petroli haikuongezeka kwa kiasi kilekile, mchanganyiko umekuwa mwepesi. Karatasi ya Mombasa yaonyesha 13.9 kwa mizunguko 3500, 14.0 kwa 4500, 14.0 kwa 5500, na 14.4 ukikaribia 6000. Hiyo ni injini yenye njaa ikiwa imebeba mzigo wote. Na taiming waliyokuachia, yaani plagi kuwasha kabla pistoni haijafika juu, ni nyuzi 38 kwa jumla, ambayo hewa nyembamba ya Nairobi huivumilia. L28 katika usawa wa bahari huwa radhi kati ya 34 na 36. Weka pamoja mchanganyiko mwepesi, moto wa mapema, hewa ya nyuzi 30 na uwiano wa 9.8, na umeandaa mazingira ya injini kugonga kwa ndani. Kwenye rola, feni zikipiga kelele na eksozi ikinguruma, huisikii ikigonga. Nimewahi kufungua injini ya ukoo huu wa L iliyokuja kwangu kwa malalamiko ya "imepungua nguvu kidogo". Ukingo wa pistoni ya silinda ya sita ulikuwa umeliwa kama embe lililong'atwa. Mwenye gari alikuwa ametoka bara wiki mbili kabla, na jeti za bara.

Swali la haki hapa ni: nitajuaje kuwa ni jeti, si pampu ya petroli iliyochoka? Angalia umbo. Jeti kuu iliyo ndogo mno hukosesha injini petroli kwa kiasi kilekile kutoka chini mpaka juu. Pampu iliyochoka, au kichujio kilichoziba, huanza vizuri kisha mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi kadiri mbio zinavyoendelea, kwa sababu bakuli za kabureta zinakauka. Mstari wako uko sawa, kumi na nne, kumi na nne, kisha unapanda kidogo mwishoni. Hiyo ni jeti. Kile kipande cha mwisho, 14.4, kinaweza kuwa jeti ya hewa kubwa mno au petroli inayoanza kuchelewa, kwa hiyo pima presha: Weber hutaka karibu psi 3, na zaidi ya 3.5 sindano za bakuli hushindwa kufunga.

Tahadhari moja tu kuhusu sensa hiyo. Naona walichomeka bomba lao kwenye mkia wa eksozi. Injini ikiwa chini, hewa ya nje hurudi ndani ya mkia, na kamshafti yenye nyuzi nyingi huachia hewa mbichi ipite silinda bila kuungua. Vyote viwili huifanya sensa iseme "mwepesi" hata kama si kweli. Kwa hiyo usiziamini nambari za chini ya 2500, na hakikisha hakuna mahali eksozi inavuja kwenye maungio. Kuanzia 3500 kwenda juu naziamini, hasa kwa kuwa zinakubaliana na ile asilimia 10 niliyoitaja. Kutoka 12.7 hadi 14.0 ni asilimia 10 kamili. Hesabu ya hewa na sensa ya eksozi zimefika mahali pamoja bila kuambiana.

Na sasa kamshafti, ambayo ndiyo iliyoshtakiwa.

Kuihukumu kwa kilele ni kuionea. Chukua mistari ya torki badala yake, tena ile isiyo na kizidisho. Kwa mizunguko 3000, Nairobi ulikuwa na Nm 157 kwenye rola. Mombasa, mizunguko ileile, Nm 155. Ni sawa, waweza kusema. Hapana. Kwa hewa nzito ya huku, injini ileile ilipaswa kutoa kama Nm 190. Hapo chini umepoteza kweli, tena si kidogo, na mwili wako ulikwishakuambia uliponiandikia kwamba gari limekuwa zito chini ya 3500. Namwamini dereva anayelijua gari lake. Alichohisi na kilichochorwa ni kitu kimoja.

Kupoteza chini ndiyo bei ya kamshafti ya aina hii. Vali ya kuingizia inafungwa kwa kuchelewa. Injini ikienda kasi, hewa ina mwendo wa kutosha kuendelea kuingia hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Ikienda polepole, pistoni inaisukuma sehemu ya hewa irudi kwenye kabureta. Malipo yake yanatakiwa yaonekane juu. Kwako juu hayajaonekana: kilele kiko 5900, mbele kidogo tu ya 5600 ya kamshafti ya zamani, na mstari unalala. Nyuzi 284 zilipaswa kuendelea kupanda hadi 6200 au zaidi. Kwa nini haikupanda? Kwa sababu hapohapo ndipo mchanganyiko ulipofika 14.4. Kamshafti imefungua mlango, petroli haikuja. Hivyo sasa hivi umelipa bei ya chini bila kupokea mali ya juu, na kuirudisha ya zamani leo ni kurudisha nguo kabla ya kuijaribu.

Tena si lawama yote ya chini ni yake. Naona shimo dogo kwenye torki kati ya 2800 na 3300, lenye kingo kali. Kamshafti hupunguza kwa mteremko, haichimbi mashimo. Shimo kama hilo kwenye Weber mara nyingi ni pale jeti ndogo za mwendo wa chini zinapoikabidhi kazi jeti kuu, na kwako jeti hizo ni 50. Kuna jambo la tatu pia, ambalo fundi wako angelitazama kabla ya kushtaki: gia ya kamshafti ya L28 ina matundu matatu, namba 1, 2 na 3, kwa ajili ya kufidia cheni inayorefuka. Kila tundu ni nyuzi 4. Cheni ya zamani na kamshafti mpya kwenye tundu namba 1, na kamshafti inachelewa. Ikichelewa, chini kunakufa. Funua kifuniko cha vali, weka silinda ya kwanza juu kabisa, kisha tazama pengo dogo la gia na alama ya bamba lililo nyuma yake. Ni kazi ya dakika 20. Uwazi wa vali pia upimwe upya, ufuate kadi ya kamshafti mpya, si ile milimita 0.25 na 0.30 za moto zilizo kwenye kitabu cha Datsun.

Ningekuwa na gari lako hapa gerejini ningeenda hivi. Kwanza kabisa taiming, nairudisha 34. Hiyo hata kesho asubuhi ifanywe, haihitaji kununua kitu. Halafu jeti kuu kutoka 130 hadi 135. Jeti hizi huhesabiwa kwa sehemu ya mia ya milimita, na petroli hupita kulingana na eneo la tundu, kwa hiyo kukuza kipenyo kwa asilimia nne ni kuongeza njia kwa asilimia nane. Hesabu yenyewe inaomba 136. Kanuni ya zamani ya mafundi wa Weber, koo mara nne, pia inatoa 136. Nunua 135 na seti ya 140 iwe mkononi, kwa sababu kamshafti mpya inaweza kutaka zaidi. Jeti ndogo, 55 badala ya 50. Kabureta tatu zisawazishwe kwa kipimo cha hewa baada ya hapo, kwa maana silinda sita zikivuta tofauti, ule mstari mmoja wa eksozi unakupa wastani tu: mbili zinaweza kuwa na shibe na nne na njaa. Ndiyo sababu, baada ya mbio moja ya mzigo kamili, zima injini papo hapo, toa plagi zote sita, uzipange kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Plagi inasema habari za silinda yake peke yake.

Kisha rudi kwenye daino ileile ya Mombasa. Si ya Nairobi, wala nyingine mpya. Gia ya nne, tairi zilezile, upepo uleule, oili ikiwa imeshika joto. Waombe waondoe ulainishaji wa mstari, kwa sababu kompyuta ikilainisha sana inalifuta lile shimo la 3000 na kukupa mchoro mzuri usiokusaidia. Fanya mbio tatu kabla ya kugusa chochote. Mara ya mwisho ulipata 148, 152 na 149, na karatasi ikachukua ya juu. Hizo ni farasi wanne za tofauti bila mtu kubadilisha kitu. Kwa hiyo mabadiliko yoyote yatakayokupa farasi watatu siku hiyo, usiyahesabu kuwa faida wala hasara. Badilisha kitu kimoja, mbio mbili, andika. Kingine, mbio mbili, andika. Mchanganyiko ukitulia 12.8 hivi, ndipo uanze kupandisha taiming nyuzi moja moja kutoka 34. Ukifika nyuzi ambayo haiongezi torki, rudi mbili nyuma na ukaishie hapo, hata kama haigongi. Petroli ya kituoni haifanani kila wiki.

Natarajia urekebishaji wa petroli peke yake ukurudishie asilimia tatu au nne, yaani farasi watano sita, na kilele kisogee juu. Sehemu kubwa ya wale tisa wetu itakuwa imepatikana, na iliyobaki ni tofauti ya daino moja na nyingine, ambayo asilimia tano ni jambo la kawaida kabisa.

Hapo sasa ndipo utakapoihukumu kamshafti. Weka karatasi mpya mbele yako, usitazame kilele, tazama kuanzia 2500 hadi 4500. Halafu jiulize gari hili linaishi wapi. Ukilitumia siku za mashindano ya kupanda vilima na safari ndefu za alfajiri, nyuzi 284 ni zako, na 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973 ilijulikana kwa kuvumilia kukimbizwa saa nyingi. Lakini ikiwa maisha yake ni foleni ya feri ya Likoni na Digo Road saa kumi na moja jioni, na chini ya 3500 bado hapajafufuka baada ya jeti ndogo na tundu la gia, mimi ningeitoa bila majuto, hata kama kilele kimefika 165. Ningeiuza kwa mwenye gari la mashindano, nitafute ya nyuzi 265 hivi.

Ukishamaliza, nitumie karatasi zote, siyo ile nzuri peke yake, pamoja na picha ya plagi sita zikiwa zimepangwa. Andika kwa kalamu chini ya kila moja namba ya silinda. Ya sita nataka kuiona kwa karibu.